Wiki za Tumbo na Wiki za Viza

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna kalenda ya msikiti ukutani, ile yenye tarehe mbili kwa kila siku. Mwaka 2024 niliiongezea hesabu ya tatu kwa kalamu nyekundu, wiki za ujauzito wangu, na ya nne kwa kalamu ya bluu, wiki za viza.

Jumatatu ya 8 Aprili, siku mbili kabla ya Idi, mume wangu alilipa ada ya maombi yangu akiwa Leicester, Uingereza. Muda uliotangazwa wakati ule wa kusubiri jibu la viza ya mwenza, kwa aliyeomba kutoka nje ya Uingereza, ulikuwa wiki 24. Nilizihesabu jioni ile nikisubiri adhana ya magharibi. Wiki ya 24 ikaangukia 23 Septemba. Nikainuka kwenda kuchukua kadi ya kliniki kabatini, ingawa nilichoandikiwa nilikijua kwa moyo. Makisio ya kujifungua: 23/9/2024.

Tangu nihamie huku Uingereza, kila mwezi napata ujumbe wa dada mmoja au wawili walioolewa na mtu aliye ng'ambo, wana mimba au wanaitafuta, na wote wanauliza swali moja: niombe kwanza au nizae kwanza? Nawajibu mmoja mmoja kwa sauti ndefu za simu. Leo nimeamua kuandika yote mahali pamoja, kama yalivyotokea kwetu.

Tulifunga nikaha 16 Desemba 2023. Siku kumi na mbili kabla, tarehe 4, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba kipato anachotakiwa kuwa nacho mtu anayemleta mke au mume kitapanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi 38,700. Mume wangu alikuwa anapata pauni 24,600 kwenye bohari la mizigo. Tulichagua vitambaa na kuhesabu masinia ya pilau huku habari hiyo ikiwa kama jiwe ndani ya kiatu. Siku tano baada ya ndoa serikali ikasema itaanza na 29,000. Baadaye tarehe ikatajwa: 11 Aprili 2024. Atakayeomba kabla ya hapo atapimwa kwa kiwango cha zamani, na hata atakapoongeza muda baadaye atabaki nacho.

Mtu atasema, basi ombeni Januari. Haikuwezekana. Mume wangu alikuwa amebadili kazi mwishoni mwa Septemba. Njia ya kawaida kwa mwajiriwa ni kuonyesha miezi 6 kwa mwajiri yule yule, slipu za mshahara zikilingana na taarifa za benki, na ya mwisho kati ya nyaraka hizo isiwe imepita siku 28 siku unapoomba. Slipu yake ya sita ilikuwa ya mwisho wa Machi. Tukikosa 11 Aprili, na mshahara ukabaki ule ule, pengo la pauni 4,400 tungelazimika kuliziba kwa akiba. Akiba nayo ina hesabu yake: unaanza na 16,000, kisha unaongeza pengo lako mara mbili na nusu. Kwetu ingekuwa pauni 27,000, zikae benki miezi 6 bila kuguswa. Hatukuwa nazo, wala hatukuwa na wa kutukopesha.

Kwa hiyo tulikuwa na mlango wa wiki mbili, kati ya slipu ya Machi na 11 Aprili. Mwanzoni mwa Februari, mume wangu akiwa ameondoka mwezi mmoja, nikapima nikakuta mistari miwili.

Nilifurahi. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu katika hadithi za viza furaha huwa inasahaulika. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kwa furaha, nikampigia simu kwa video, naye akalia. Hofu ilikuja kesho yake asubuhi, nilipofungua orodha ya nyaraka na kuona mstari wa cheti cha kifua kikuu.

Mtanzania anayekwenda kuishi Uingereza zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu kwenye kituo kinachotambuliwa. Mimi nilipimiwa Dar es Salaam, kwenye kituo cha Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Kipimo chenyewe ni picha ya eksirei ya kifua. Mjamzito hupewa njia tatu. Anaweza kupigwa picha huku tumbo na nyonga vimekingwa kwa aproni ya madini ya risasi. Anaweza kutoa makohozi mara tatu yaoteshwe maabara, na majibu yake huchukua hadi wiki 8. Au anaweza kusubiri mpaka ajifungue. Nilikuwa na miadi 25 Machi, wiki ya 14. Ukijumlisha wiki 8 hapo unafika karibu 20 Mei.

Wakati wa jambo hili ndipo nilipojifunza jinsi familia inavyoweza kukupenda mpaka ukakosa pa kuegemea. Mama hakutaka kusikia habari ya eksirei. Alisema mtoto hajui viza ni nini, usimmulike. Shangazi, aliyezaa watoto saba, aliniambia nisubiri nizae kisha tuone. Mume wangu hakusema fanya wala usifanye, ila kila tulipoongea alinikumbusha tarehe 11 kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana anasukuma. Mama mkwe alinitumia dua. Wote walikuwa sahihi kwa upande wao, na tumbo lilikuwa langu peke yangu.

Aliyenisaidia ni mkunga wa kliniki, mama wa makamo ambaye kila mara alikuwa ananiuliza kwanza nimekula nini. Alinikalisha akanieleza kwamba picha ya kifua inalenga kifua, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa mia ya miligrei; kiwango kinachowatia madaktari wasiwasi kiko juu ya hapo mara maelfu. Akaniambia pia kwamba miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo vinajengwa, nami nimeshaivuka. Kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi: "Binti yangu, ukikataa ukatae kwa sababu umeelewa, na ukikubali ukubali kwa sababu umeelewa. Usiache woga wa mtu mwingine ukuamulie."

Nilikubali. Nilipanda basi la alfajiri, Muheza, Segera, Chalinze, mpaka Dar, nimefunga mkanda chini ya tumbo ambalo lilikuwa bado halionekani. Pale kituoni walinisomesha karatasi ya ridhaa, wakanivika aproni mbele na nyuma. Ile aproni ni nzito. Nilisimama nikabana pumzi kama walivyoniambia, mkono wangu umeshika ukingo wake chini, na kwa hizo sekunde chache nilimsemesha mtoto wangu kwa mara ya kwanza. Nilimwambia aniwie radhi ikiwa nimekosea. Cheti kilipotoka kilikuwa na uhai wa miezi 6.

Dada unayesoma, sikuambii ufanye kama mimi. Kama haraka yenu haina tarehe ya sheria nyuma yake, makohozi ni njia nzuri na kusubiri pia ni njia nzuri. Ninachokuomba ni ujue mapema kwamba hili swali lipo. Wengi hukutana nalo wakiwa tayari wamesimama mapokezi.

Yaliyobaki yalikwenda kwa mbio. Shahada yangu nilisomea kwa Kiingereza, kwa hiyo sikuhitaji mtihani wa lugha, lakini ilibidi ithibitishwe na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayokagua shahada za nje, na hilo nilikuwa nimelianza Januari. Lianze mapema nawe. Kilichokaribia kutuangusha ni Pasaka. Ijumaa Kuu ilikuwa 29 Machi, Jumatatu ya Pasaka 1 Aprili, na ofisi iliyotakiwa kuandika barua ya mwajiri ilifungwa siku nne mfululizo. Barua ilitoka Ijumaa ya tarehe 5. Jumatatu akalipa: pauni 1,846 ada ya viza na pauni 3,105 tozo ya afya, yaani 1,035 kwa mwaka mara tatu. Karibu shilingi milioni 16 kwa mkupuo mmoja. Ukikataliwa, tozo ya afya inarudishwa, ada hairudi. Siku ya kulipa mtandaoni ndiyo tarehe ya maombi, hata kama alama za vidole utazitoa baadaye. Mimi nilizitoa Dar baada ya Idi.

Kisha tukasubiri, mimi na kalenda yangu ya hesabu nne.

Katika kusubiri huko ndugu mmoja wa huko Uingereza alishauri, kwa nia njema kabisa, nije kwa viza ya matembezi nizalie huko kisha tubadilishe. Nalitaja kwa sababu ushauri huu unazunguka sana. Viza ya matembezi haibadiliki kuwa ya mwenza ukiwa ndani ya nchi. Na mgeni wa matembezi akijifungua hospitali ya umma anatozwa asilimia 150 ya gharama. Mtu anaweza kuanza maisha ya ndoa na deni la maelfu ya pauni na rekodi mbaya uhamiaji kwa wakati mmoja. Tulimshukuru, tukaendelea kusubiri.

Jibu lilikuja mapema kuliko tulivyotegemea, 2 Agosti. Nilikuwa na wiki 32 na siku 4. Nilipofungua pasipoti nikaona kibandiko, nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Usiku ule ndipo nilipokisoma vizuri. Kuanzia 2 Agosti, siku 90. Mwisho 30 Oktoba.

Hapa ndipo hesabu yangu yote ilipokuwa na tundu. Miezi minne nilikuwa nahesabu siku ya kupata viza. Sikuwahi kuhesabu dirisha la kuingia. Viza ilikuwa ya miezi 33, lakini kibandiko cha kuingilia cha wakati ule kilikupa siku 90 tu, na zangu zilikuwa zimelizunguka tumbo pande zote. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na mengi hayampandishi mjamzito baada ya wiki ya 36. Wiki yangu ya 36 ilianza 26 Agosti. Kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu za kuaga kazi na kufunga maisha, nisafiri na tumbo la miezi minane. Nisiposafiri, nitajifungua Septemba na mtoto hatakuwa na pasipoti kabla ya 30 Oktoba.

Tulibishana kwa siku tisa. Kwa upole, lakini tulibishana.

Hoja ya mume wangu ilikuwa nzito na sitaki kuipunguza. Yeye alizaliwa Tanga akachukua uraia wa Uingereza kwa kuomba, na kwa hiyo mtoto wake ni Mwingereza popote atakapozaliwa. Ila kuna tofauti. Akizaliwa Leicester, naye akija kuzaa nje ya Uingereza, mtoto wake atakuwa raia moja kwa moja. Akizaliwa Tanga, uraia wake ni wa nasaba, na kwa kawaida haumfuati mtoto wake atakayezaliwa nje. Mume wangu aliupoteza uraia wa Tanzania alipochukua wa kigeni, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anajua kufungiwa mlango kunavyouma, naye alitaka kumwachia mjukuu wake mlango ulio wazi. Aliponiambia hivyo sauti yake ilikatika.

Nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, huyo mjukuu wenu ana Mungu wake. Huyu wa tumboni ndiye tuliyepewa sasa."

Lakini sikuamua kwa neno la Mama peke yake. Niliweka kwenye karatasi. Tanga nilikuwa mwalimu wa sekondari, na sheria ya kazi ya Tanzania inanipa siku 84 za likizo ya uzazi yenye mshahara. Nikihama wiki ya 34 naziacha zote. Uingereza, malipo ya uzazi ya kisheria yanamtaka mama awe amefanya kazi kwa mwajiri wake angalau wiki 26 kufikia wiki ya 15 kabla ya makisio, kwa hiyo nisingepata chochote, na viza ya mwenza hairuhusu kupokea misaada ya serikali. Matibabu ya uzazi yangekuwa bure, tozo tulishalipa. Ila ningeanza na mkunga nisiyemjua, mji nisioujua, mume akiwa zamu za usiku, na arobaini yangu ningeimalizia peke yangu kwenye chumba kimoja cha kulala mwezi wa Novemba. Safari yenyewe, kwa kuunganisha ndege, ilikuwa karibu siku nzima. Mkunga aliniambia hatari ya damu kuganda miguuni inaongezeka kwa mjamzito kwenye safari ndefu. Akanieleza soksi za kubana, maji mengi, na kuinuka kutembea kila baada ya muda. Akaniandalia barua ya shirika la ndege endapo ningeihitaji. Hakunikataza. Barua hiyo ninayo mpaka leo, haijatumika.

Nilibaki.

Kilichotuwezesha kuvumilia uamuzi huo ni kanuni moja ambayo wengi hawaijui. Kwa watoto ambao makisio yao yalikuwa baada ya 6 Aprili 2024, likizo ya baba ya wiki mbili huko Uingereza inaweza kukatwa vipande viwili vya wiki moja moja, wakati wowote ndani ya wiki 52 za mwanzo. Zamani ilibidi iishe ndani ya siku 56 za mwanzo, tena kwa mkupuo. Malipo yake yalikuwa pauni 184.03 kwa wiki, hayatoshi nauli, lakini aliomba wiki moja kwa ajili ya kuzaliwa, akaunganisha na likizo yake ya mwaka, na wiki ya pili akaiweka kwa siku tutakayowasili.

Uchungu ulinianza Alhamisi usiku. Mtoto wetu wa kike alizaliwa Ijumaa ya 20 Septemba, kabla ya adhana ya adhuhuri, kilo 3.1. Mume wangu alifika Jumapili. Siku mbili hizo zimebaki kati yetu kama kitu kinachotakiwa kushikwa taratibu. Alitamani kuwa mtu wa kwanza kumwadhinia sikioni, na aliyefanya hivyo ni baba yangu. Lakini akika ya siku ya saba alikuwepo. Alichinja kwa mkono wake.

Halafu nikapewa zile siku 40 ambazo nisingezibadilisha kwa kitu chochote. Maji ya moto kila asubuhi, uji wa pilipili manga, mkanda tumboni, Mama akimbeba mtoto usiku ili nilale. Nawafahamu wanawake waliozalia ugenini wiki chache baada ya kushuka kwenye ndege. Wamevuka, na watoto wao wako salama. Wanapozungumzia mwezi ule wa kwanza huwa wanaangalia pembeni.

Gharama za kubaki zilikuwepo, nami siwezi kuzificha. Kibandiko kilikwisha muda 30 Oktoba nikiwa nanyonyesha Tanga, na ilibidi kuomba kingine kwa pauni 154 na safari nyingine ya Dar, safari hii na mtoto mgongoni. Viza ya miezi 33 iliendelea kukatika nikiwa bado sijaiona Leicester. Pasipoti ya mtoto ilihitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina yetu wote wawili, cheti cha ndoa na cheti cha uraia cha baba yake. Kosa la herufi moja kwenye jina langu lilitula wiki nzima. Hakiki herufi ukiwa bado umesimama dirishani. Na mtoto, kwa kuwa mama yake ni Mtanzania na amezaliwa Tanga, ana nchi mbili mpaka atakapofika miaka 18, ndipo sheria ya Tanzania itamtaka achague. Hilo nalifikiria zaidi kuliko mambo yote ya viza.

Kwa dada anayeuliza aombe kwanza au azae kwanza, jibu langu kwa sasa ni hili. Chukua kalenda moja. Andika wiki zako za tumbo kwanza. Weka alama wiki ya 14, ya 28 na ya 36, kisha siku 40 baada ya makisio. Halafu andika mambo ya viza kuzunguka hizo alama: siku ya mwisho ya sheria kama ipo, uhai wa cheti cha kifua kikuu, siku za kuingia za kibandiko kama utapewa, muda wa pasipoti ya mtoto. Kanuni na ada hubadilika, zisome upya kwenye tovuti ya serikali siku ile ile unayotaka kulipa. Kama mipango yote miwili haiingii kwenye kalenda hiyo, mimi naona makaratasi ndiyo yasogee. Tarehe 11 Aprili haikusogea, nasi tukaifuata, kwa kuwa kuikosa kungetutenganisha pengine miaka. Baada ya hapo hakuna tarehe nyingine niliyoiruhusu impite mtoto.

Tuliwasili Januari 2025, mtoto ana miezi mitatu na ushee. Kadi za plastiki za ukaazi zilikuwa zimeshaondolewa, hadhi yangu iko mtandaoni. Mume wangu alichukua ile wiki yake ya pili. Alikuwa amenunua blanketi tatu.

Siku chache baadaye alikuja nesi wa watoto wachanga wa eneo letu, wale wanaotembelea majumbani. Alileta kitabu chekundu ambacho kila mtoto wa huku anacho. Akaniomba kumbukumbu za nyuma, nikampa kadi ya kliniki ya Tanga, imekunjika pembeni, ina doa la mafuta ya nazi. Aliifungua mezani akaanza kunakili chanjo kwa mkono, moja baada ya nyingine: ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa, matone ya polio, ya wiki ya 6, ya 10, ya 14. Akaniambia kuna moja ya homa ya uti wa mgongo ambayo huko kwetu haimo kwenye ratiba, wataianza. Kila alipokuta neno la Kiswahili aliweka kidole akaniangalia, nikamsomea. Uzito wa kuzaliwa. Mahali alipozaliwa. Jina la mama.